Unga, Maziwa, Kioo

Maiti ya Mzee Ebrahim ilikuwa imelala chali kati ya masanduku ya samaki, miguu mitupu, macho yamefumbwa, mikono imenyooshwa ubavuni. Viatu vyake vilikuwa pembeni, kimoja kando ya kingine, kama vya mtu aliyeingia msikitini.

Inspekta Hidaya alisimama kizingitini mwa chumba cha baridi, akafunga vifungo vya koti lake la mvua. Chai hakuwa amekunywa. Magoti yalikuwa yakimuuma tangu masika yaanze, na masika ya Morogoro yana tabia ya mgeni asiyejua kuaga: Uluguru ikishajifunika mawingu, hujui itajifunua lini. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi miaka mingi mno. Siku hizi akiona mtu amekufa, kitu cha kwanza kumjia hakikuwa huzuni wala hofu. Kilikuwa uchovu.

"Ajali," alisema Koplo Irene nyuma yake. "Mkuu wa upelelezi ameshapiga simu. Anasema tuandike ajali, wenyewe tuwaachie mtu wao wamzike kabla ya magharibi."

"Kwani yeye ameshafika hapa?"

"Bado yuko ofisini, afande."

"Basi ana macho marefu."

Irene akacheka, kisha akaikumbuka maiti, akanyamaza.

Kila mtu nyuma ya soko kuu aliijua stoo ya Ebrahim. Wakaanga samaki wa Msamvu walichukua vibua vyao hapo, mama ntilie wa Mzumbe walichukua kuku wao hapo. Mbele palikuwa na meza ya Ebrahim. Nyuma palikuwa na chumba kimoja kikubwa cha baridi, chenye mlango mzito unaojifunga wenyewe. Ukiwa nje, unavuta mpini. Ukiwa ndani, kuna kitasa cha chuma, cha duara, unakisukuma kwa kiganja na mlango unaachia. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

"Kitasa cha ndani kimeganda," alisema Irene. "Barafu imekivaa chote. Ni kama yule kijana wa mwaka jana, Mwinjuma. Naye alikwama humu humu. Faili likafungwa: uzembe wa marehemu. Maana Mzee Ebrahim mwenyewe alikisukuma kitasa mbele ya afande na watu, kikaachia vizuri tu."

"Alikisukuma mlango ukiwa umekaa wazi muda gani?"

Irene hakujua. Hidaya alikuwa ameulizauliza wakati ule, ingawa kesi haikuwa yake. Mlango ulikuwa umekaa wazi asubuhi nzima, watu wanaingia na kutoka. Chochote kilichokuwa kimeganda kilikuwa kimeshakuwa maji sakafuni. Barafu ni shahidi mwenye haraka. Usipomhoji mapema, anaondoka zake.

"Mlango urudishwe," alisema. "Mashine isizimwe. Leta kamera na tochi."

Mama yake Hidaya aliuza barafu Mwembesongo. Barafu za ubuyu, barafu za ukwaju, kwenye vifuko vya nailoni, kutoka kwenye friza moja kuukuu lililosomesha watoto wote wa nyumba ile. Kazi ya Hidaya ilikuwa kulikwangua. Na mtu hakwangui friza utoto mzima asijue kwamba barafu si moja. Mama alizipa majina ya jikoni. Ya kwanza aliiita unga: nyeupe, laini, unyevu wa hewa umejitulia wenyewe polepole, ukipuliza inapeperuka. Ya pili, maziwa: nyeupe nayo, lakini ngumu na yenye punje, hiyo huja friza likiachwa wazi siku ya ukungu, nayo huota ikielekea upepo unakotoka. Ya tatu ni kioo: angavu, nzito, inang'ang'ania. Hiyo ni maji yaliyomwagika.

"Ukiona kioo," Mama alikuwa akisema, mwiko mkononi, "usilaumu friza. Uliza nani kamwaga maji."

Hidaya alikimulika kitasa. Juu palikuwa na unga mwepesi tu; akaupuliza, ukapeperuka. Kilikuwa kimevaa kioo, tabaka juu ya tabaka kama nta ya mshumaa, angavu kiasi cha kuonyesha kutu ya chuma ndani yake. Akamulika juu. Hapakuwa na bomba wala tone. Akakigonga kwa kitako cha tochi, kikabaki kimya mahali pake.

"Hii haikuota, Irene. Hii imemwagwa. Kidogo kidogo, na mtu mwenye subira."

Irene aliacha kutafuna jojo yake. "Kwa hiyo si ajali."

"Piga picha."

Hidaya alipiga magoti kando ya maiti, na magoti yakalalamika. Vifundo vya vidole vya mzee vilikuwa vimechubuka; huyu aligonga mlango, aligonga kwelikweli. Kwenye masharubu kulikuwa na unga, ule wa pumzi yake mwenyewe. Alikuwa amepumua humu kwa muda. Lakini juu ya unga ule kulikuwa na kioo: maji yalikuwa yamepita usoni yakaufungia unga ndani. Mikono ilikuwa na kioo mpaka viwikoni. Miguu ilikuwa na kioo mpaka vifundoni, kinene zaidi katikati ya vidole. Kifua kilikuwa kikavu. Mapaja yalikuwa makavu.

Upande mmoja wa ndevu, ule ulioelekea mlangoni, ulikuwa umeota maziwa. Kingo za masanduku ziliota maziwa hayo hayo, vimiba vidogo vigumu, vyote vimeelekeza ncha zao mlangoni. Na juu ya kila kitu, unga mwingine, mwepesi, mpya.

"Haya, tusome pamoja," alisema Hidaya. "Kwanza alipumua. Akafa. Kisha akamwagiwa maji. Kisha mlango ukakaa wazi muda mrefu, ukungu wa jana usiku ukaingia. Kisha ukafungwa, na usiku kucha ukatia unga wake juu."

"Kwa hiyo kuna mtu alirudi."

"Alirudi, akakaa naye, akaondoka, akamfungia."

"Sasa maiti unaimwagia maji ya nini?"

Hidaya alitazama uso, mikono, miguu. Alikuwa ameosha marehemu wengi wa kike mtaani kwake, na mikono yake iliujua mpangilio ule kabla ya kichwa.

"Hakumwagiwa. Ametawadhishwa."

Irene alikuwa Mkatoliki wa Mgeta, ikabidi aelezwe. Udhu: uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa kupakwa, miguu. Kabla ya swala mtu hutawadha mwenyewe. Akifa, hutawadhishwa.

"Muuaji gani anamtawadhisha aliyemuua?"

"Anayempenda," alisema Hidaya, akainuka kwa taabu.

* * *

Mzee Pazi, msimamizi wa stoo, alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, kofia mkononi. Alikuwa Mluguru wa Kinole, mwembamba, wa kushuka mlimani na kupanda bila kuhema. Alianza kazi na Ebrahim wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Alikuwa pia baba yake Mwinjuma. Mji mzima ulimsifu: mwanawe alikufa kwa baridi ya chumba kile, naye baada ya arobaini akarudi kazini, hakumshtaki mtu. Watu walisema Pazi ana moyo wa subira. Wanaosifu subira ya mwenzao, aghalabu si wao wanaosubiri.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole."

"Tumeshapoa."

"Nani alimwona wa kwanza?"

"Mimi. Nilifungua asubuhi, nikamwona amelala. Nikafunga. Nikampigia mkewe, Bi Dolat, halafu nyinyi."

"Uliingia ndani?"

"Sikuingia."

"Hata hatua moja?"

"Sikuweza."

"Jana ulimwacha wapi?"

"Hapo mezani kwake. Niliondoka kwenda kuswali."

"Hukurudi?"

"Nirudi kufanya nini?"

"Mkewe alikuwapo?"

"Bi Dolat alikuwa Dar kwa binti yao. Karudi na treni leo asubuhi."

"Mzee alikuwa na ugomvi na mtu?"

Pazi aliigeuzageuza kofia. "Na Jaydeep, wa duka la vifaa vya ujenzi hapo jirani. Moshi wa jenereta letu unaingia dukani kwake. Juzi alimwambia mbele ya watu: iko siku utaganda pamoja na samaki wako. Soko zima lilisikia."

Soko zima lilikuwa limesikia kweli, na mkuu wa upelelezi naye alisikia kabla Hidaya hajamaliza kuvuka uchochoro. Simu ikalia.

"Hidaya, nasikia umekataa ajali."

"Kitasa kilimwagiwa maji, afande."

"Basi mkamate huyo jirani aliyetishia. Nataka jambo moja kati ya mawili ikifika alasiri: ajali, au Jaydeep. Familia inasubiri kuzika."

"Na kama si ajali wala si Jaydeep?"

"Alasiri, Inspekta."

Jaydeep alikuwa nyuma ya kaunta yake, katikati ya ndoo za rangi, amevimba macho. Hakungoja kuulizwa.

"Nilisema, dada. Nilisema ataganda. Ni hasira! Tumegombana na Ebrahim miaka yote, na kila Idi mke wake analeta sahani, na kila Diwali mke wangu anapeleka sahani. Unadhani ugomvi ule ni ugomvi?"

"Jana ulifunga duka saa ngapi?"

"Watu walikuwa wanatoka msikitini, swala ya isha."

"Ukaona nini?"

Jaydeep akatazama ndoo zake.

"Jaydeep. Kuna pingu zinakuja kwa jina lako. Sema."

"Moshi. Moshi mweupe unatoka mlango wa nyuma wa stoo, unatambaa chini. Si wa jenereta. Wa baridi. Chumba kilikuwa wazi, taa inawaka. Na sauti ya mtu anaomba dua, anaomba huku analia. Nikajua Ebrahim anaswali. Nikaona haya kumchungulia mtu na Mungu wake, nikaondoka."

"Ilikuwa sauti ya Ebrahim?"

"Sauti ya mtu anayelia, dada. Wote tunakuwa na sauti moja."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Nani angeniamini? Nimemtakia kuganda, kaganda."

Askari wawili walikuja wakamchukua, amri kutoka juu. Jaydeep alipita sokoni kichwa chini, na wale waliokuwa wakinunua misumari kwake jana wakamzomea. Hidaya alikuwa na barafu tu, na barafu hiyo ilikuwa imeshapakiwa garini kwenda hospitali, ikidondoka.

* * *

Daktari wa serikali hakuwa na maneno mengi. Baridi, na moyo. Moyo ulikuwa mbovu siku nyingi. Usingevumilia hata nusu ya baridi ile.

"Wanaokufa kwa baridi wakati mwingine huvua nguo," aliongeza. "Wanahisi joto. Labda ndiyo sababu ya miguu mitupu."

"Na viatu huvipanga?"

"Hapana. Huvitupa."

Nje, kwenye benchi la korido, Bi Dolat alikuwa ameketi peke yake na mkoba mapajani. Mama mdogo wa umbo, mtandio mweusi, macho makavu ya mtu aliyelia treni nzima.

"Bi Dolat, nisamehe kwa swali hili. Mzee alikuwa anatawadha vipi?"

"Vipi, vipi?"

"Miguu."

Bi Dolat alimtazama kwa mshangao. "Sisi Mashia Ithnaasheri hatuoshi miguu kwenye udhu. Tunapaka tu, kwa unyevu wa mkono, juu hapa. Nyinyi Masunni ndio mnaosha. Kwa nini?"

Hidaya alilijua hilo. Utotoni aliuza barafu nje ya msikiti wao, akawaona bombani wakiinama na kupaka. Lakini alitaka kulisikia kwa mwenye mume.

"Aliyemtawadhisha mumeo aliosha miguu. Mpaka vifundoni."

"Basi si mtu wa kwetu," alisema Bi Dolat polepole.

"Wala si Jaydeep," alidakia Irene. "Yeye ni Mhindu, angejulia wapi?"

"Jaydeep amekulia uchochoro mmoja na misikiti miwili," alisema Hidaya. "Anaweza kujua kuliko wewe. Bi Dolat, mzee alikuwa anatawadha mwenyewe pale stoo?"

"Magoti yake hayakuwa yanakunjika. Pazi ndiye aliyemmiminia maji, kwa birika. Kila siku. Tangu watoto wetu wote wadogo, wa kwetu na wa kwake."

Irene alimvuta Hidaya kando. "Afande, hapo Pazi naye ametoka. Kama ni yeye aliyemmiminia kila siku, anajua vizuri kwamba huyu mzee miguu hupaka. Asingeosha."

Hidaya alikaa kwenye benchi. Mvua ilikuwa imeanza tena. Irene alikuwa amesema kweli, na kweli ile ndiyo iliyomkalia kooni. Mtu anayejua hupaka, anaosha. Kwa nini? Mikono hufanya kile ilichofanya mara ya mwisho, hasa kama mara ile ya mwisho haikuwahi kuitoka. Alijiuliza: mara ya mwisho Mzee Pazi kumwinamia maiti na kuitawadhisha, ilikuwa maiti ya nani?

Akafumba macho. Alitamani sana, kwa dakika moja tu, kuandika ajali.

"Twende stoo," alisema. "Bi Dolat, wewe baki."

"Ni stoo ya mume wangu," alisema Bi Dolat, akasimama. "Nakuja."

* * *

Birika la udhu lilikuwa mahali pake, chini ya meza ya Ebrahim. La plastiki, la kijani. Irene alilinyanyua, likamwachia matone sakafuni. Ubavuni lilikuwa na ufa mrefu, mweupe, mpya, na tumbo limevimba kwa nje. Maji yakiganda hutanuka. Kila muuza barafu ameshapasukiwa na chupa. Birika hili lilikaa ndani ya chumba kile na maji yake, likaganda, kisha mtu akalirudisha chini ya meza kwa mazoea.

Bi Dolat aliketi kwenye kiti cha mumewe. Pazi alibaki amesimama.

"Mzee Pazi," alisema Hidaya, "nakuonya kisheria. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Nimesikia."

"Jaydeep yuko mahabusu."

"Nimesikia hilo pia."

"Hakufanya kitu."

Pazi akaivaa kofia, akaivua tena.

"Jana ulirudi hapa wakati wa isha. Uliingia chumbani. Ulikaa naye, mlango wazi, mpaka ukungu ukaota ndevuni mwake. Birika ulisahau kulitazama, likapasuka."

"Birika ni kuukuu."

"Ulimwosha miguu, Mzee Pazi."

Pazi aliinua uso. "Nini?"

"Miguu. Mpaka vifundoni. Kidole kimoja kimoja, katikati."

Mzee alibaki amemkodolea macho. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Yeye hupaka tu," alisema.

"Ndiyo."

"Najua hupaka tu. Nimemmiminia maji umri wangu wote."

"Basi jana ulikuwa unamwosha nani?"

Mvua iligonga bati. Pazi alishika ukingo wa meza, akashuka taratibu mpaka sakafuni, akakaa pale, mzee mzima, akalia kwa sauti. Irene aligeuka akatazama ukutani. Hata Hidaya, aliyedhani machozi ya watu wengine yameshamwishia utamu na uchungu, alijisikia vibaya, tena vibaya sana.

"Mwinjuma nilimwosha mwenyewe," alisema Pazi alipoweza. "Kucha zilikuwa zimeng'oka, Afande. Za mikono yote. Halafu mkaja nyinyi, na Mzee Ebrahim akasimama pale mlangoni, mbele ya watu, akakisukuma kile kitasa. Kikaachia. Akasema, 'Mnaona? Unasukuma kidogo tu.' Mkaandika uzembe. Mtaani wakasema alivuta bangi akalala. Mtu aliyelala anang'oka kucha?"

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nimseme bosi wangu mbele ya polisi? Nilingoja aseme mwenyewe. Mwaka mzima nimengoja. Kila siku namletea maji, nasema moyoni, leo atasema. Anatawadha, anashukuru, anakwenda kuswali."

"Halafu jana?"

"Jana alfajiri nilimkuta ameinama ndani, anakwangua kitasa kwa kisu. Si mara ya kwanza. Nikaona anaficha. Nikasema, basi. Alipotoka, nikawa napita na kikombe. Kila nikiingia, mlango nimeuzuia kwa kreti, namwagia kidogo, kinaganda, namwagia tena. Magharibi ilipoingia nikamwambia masanduku ya nyuma yameanguka. Akaingia. Mlango ukajifunga."

"Aligonga?"

"Aligonga. Nikamwambia, 'Sukuma kidogo tu, mzee.'"

Bi Dolat alifunika mdomo kwa mtandio.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Pazi, acha mchezo.' Nikamwambia, 'Sema tu kwamba hakifunguki, nikufungulie. Sema Mwinjuma hakuwa mzembe.' Akanyamaza. Nikaona ni kiburi. Nikasema, nitakwenda kuswali, nikirudi atakuwa amesema. Sikutaka afe, Afande. Naapa. Nilitaka aseme."

"Moyo wake ulikuwa mgonjwa," alisema Hidaya. "Huenda aliponyamaza hakuwa na pumzi ya kusema."

Pazi alitikisa kichwa kama anayesikia habari za nchi ya mbali. "Niliporudi alikuwa ameanguka mlangoni. Nikamburuta katikati, nikamlaza vizuri. Nikaona nimwache hivi hivi, na swala imempita? Nikaleta birika. Sikumbuki nilivyoosha. Nakumbuka nilikuwa nalia tu."

"Na ukafunga mlango."

"Niliogopa. Nikasema wataandika ajali. Mbona ya Mwinjuma waliandika."

Hidaya aliandika, kwa sababu kuandika ndiyo kazi aliyolipwa kufanya, na kalamu ilikuwa nzito.

"Alijua, Pazi," alisema Bi Dolat.

Wote wakageuka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mlipomaliza arobaini ya Mwinjuma, Ebrahim alinileta hapa. Akaniambia nisimame nje. Akajifungia kusudi, akakaa mpaka barafu ikashika kitasa, akasukuma. Hakikufunguka. Nilimfungulia mimi. Alitoka analia kama mtoto. Tangu siku ile alikuwa anakikwangua kila alfajiri kwa mkono wake, mtu mwingine asikwame. Fundi alikwisha kumwita kutoka Dar, kitasa kipya kilikuwa kinasubiriwa."

Pazi alimtazama bila kupepesa. "Kwa nini hakuniambia?"

"Kila asubuhi aliniambia, leo namwambia Pazi. Halafu unamletea maji, unainama, unammiminia. Anaona haya. Jioni anarudi, namuuliza, anasema kesho."

Uchochoroni, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, hana habari.

Hidaya alipiga simu. "Mwachie Jaydeep," alisema.

"Kwa hiyo ni ajali?" aliuliza mkuu.

"Hapana, afande. Wala ile ya mwaka jana haikuwa uzembe. Nitaandika zote mbili." Akakata kabla hajajibiwa, jambo ambalo lingemletea matatizo kesho, na kesho ilikuwa mbali.

Irene alitoa pingu. Hidaya akamwashiria azirudishe. Alimshika Mzee Pazi mkono, akamwinua, wakatembea taratibu kuelekea garini, yeye na magoti yake mabovu, mzee na yake mazima. Mlangoni Pazi akasimama. Hakumgeukia Bi Dolat, hakuweza. Alisema na mvua iliyokuwa mbele yake.

"Afande, waambie wamwoshe upya, kwa taratibu za kwao. Mimi nilimwosha kama wangu."